Sikio la mtoto linatoa usaha, linakauka, linarudi tena. Ni maji ya ziwa au kuna kingine?

#1 Baba Doto
Mwangaluka wakuu. Niko Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kijana wangu Doto ana miaka mitano. Sikio lake la kulia linatoa usaha. Linatiririka wiki mbili tatu, linakauka lenyewe, mafua yakimshika linaanza upya. Halimuumi. Anacheza, anakula, ila ukimsogeza karibu unapata harufu, na usiku anakoroma.
Mama yangu anasema ni maji ya ziwa kwa sababu mchana kutwa yuko ufukweni. Jirani anasema nyama za puani. Shemeji anasema kimeo. Duka la dawa wamenipa amoksilini zaidi ya mara moja, linakauka kisha linarudi. Juzi mwalimu wake wa chekechea ameniita akaniambia mtoto akiitwa kutoka nyuma haitiki, na yeye hadhani ni utundu. Hapo ndipo nikaogopa. Waliopitia hili, chanzo ni nini na mlitibiwa vipi?

#2 Mwana wa Kirumba
Maji ya ziwa hayo mkuu. Nimekulia Kirumba, wote tuliokuwa tunapiga mbizi kwenye mawe tulitoka na masikio mabovu. Mzuie kuoga ziwani mwezi mmoja uone.

#3 Kisiwa Kimoja
#2 umehukumu haraka. Mtoto anaitwa Doto, kwa hiyo kuna pacha wake Kulwa. Baba Doto, Kulwa haogi ziwani?

#4 Baba Doto
Anaoga mkuu, hao hawatenganishwi. Kulwa masikio yake ni mazima kabisa.

#5 Kisiwa Kimoja
Basi ziwa halijajibu swali. Maji yale yale, ufukwe ule ule, umri ule ule, mmoja anaumwa na mwingine haumwi.

#6 Nesi wa Sengerema
Pole baba. Nahudumia kliniki ya watoto, naomba nieleze taratibu.
Tundu la sikio unaloliona kwa nje linaishia kwenye ngoma, utando mwembamba unaoziba njia yote. Ngoma ikiwa nzima, mtoto aoge ziwa lote hili, maji hayavuki kuingia sikio la kati. Maji yanaweza kuharibu ngozi ya tundu la nje, na ugonjwa huo una alama yake: ukivuta sikio au ukibonyeza kile kinyama cha mbele, mtoto anapiga kelele kwa maumivu. Doto haumwi.
Usaha usiouma, unaokuja na mafua, unaorudi kwa miezi, mara nyingi unatoka sikio la kati kupitia ngoma iliyotoboka. Vijidudu vya kwanza havikuingia kwa nje. Vilipanda kutoka nyuma ya pua kwa mrija mdogo unaoungana na sikio la kati. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala karibu sawa na ardhi, ndiyo maana mafua ya mtoto yanaishia sikioni kuliko ya mtu mzima. Sisi zahanati usaha ukifika siku 14 tunauhesabu ni sugu, na matibabu yake ni tofauti na ya sikio lililoanza jana.
Baba, jaribu kukumbuka. Akiwa mdogo, kuna usiku alilia sana, halafu usaha ukatoka akatulia?

#7 Baba Doto
Dada nesi, mama yao anasema ndiyo. Alikuwa na mwaka na kidogo. Alikuwa na homa, akalia hadi alfajiri akishika sikio, kulipokucha mto ulikuwa umelowa na mtoto akalala kama hakuna kilichotokea. Tulijua yamekwisha.

#8 Nesi wa Sengerema
Huo usaha ulijitengenezea mlango. Maumivu yalikuwa ya mgandamizo, ngoma ilipopasuka yakaisha. Kwa watoto wengi tundu hilo linajiziba lenyewe. Kwa wachache linabaki.

#9 Mwana wa Kirumba
Kwa hiyo maji ya ziwa bado yamo. Ngoma ikiwa imetoboka yanapita moja kwa moja.

#10 Nesi wa Sengerema
Hapo uko sahihi. Yanaamsha ugonjwa uliokwishakuwepo. Mwenye tundu asiingize maji sikioni, yawe ya ziwa, ya bomba au ya beseni la kuogea.

#11 Mama wa Buzuruga
Mimi naunga mkono jirani yake mleta mada. Huyo mtoto anakoroma, hilo mmelipita haraka. Binti yangu alikuwa hivyo hivyo: analala mdomo wazi, anahema kwa kelele, mafua hayaishi, sikio linavuja. Tuliandikiwa picha ya eksirei ya shingo kwa ubavu, tukaonyeshwa nyama zimejaa nyuma ya pua, njia ya hewa imebaki nyembamba. Alifanyiwa upasuaji wa kuziondoa. Kukoroma kuliisha, na sikio halijatoa usaha tena hadi leo, yuko darasa la nne. Wakuu, nyama hizo zinakaa jirani na mdomo wa huo mrija aliousema nesi. Zikiuziba, sikio litaponaje?

#12 Fundi wa Igoma
Nyama za puani si ndiyo mafindofindo?

#13 Nesi wa Sengerema
Hapana. Mafindofindo unayaona mtoto akifungua mdomo, moja kila upande wa koo. Nyama za puani ziko juu, nyuma ya pua, kaakaa limezificha, hata ukimulika na tochi huzioni. Kila mtoto anazo, ni sehemu ya kinga ya mwili. Kwa kawaida hukua miaka ya utotoni kisha husinyaa akielekea kubalehe. Tatizo ni zikizidi nafasi iliyopo. Mtu mzima akiziba pua upande mmoja kwa muda mrefu, hasa akiwa na uvimbe shingoni, asiambiwe ni nyama za puani akarudi nyumbani. Huyo anatakiwa kuchunguzwa saratani.

#14 Mzee wa Magu
Mnazunguka sana vijana. Mtoto anayekoroma, anayekohoa na asiyenenepa ana kimeo kirefu. Zamani kilikatwa asubuhi, jioni mtoto anakula ugali. Mimi nilikatwa, na ndugu zangu wote, na tumezeeka.

#15 Bibi wa Nansio
Mzee wa Magu, nimesoma yenu yote kimya lakini hapa siwezi kukaa kimya. Mdogo wangu wa kufuatana alikatwa kimeo kule kwetu Ukerewe. Mkataji aliitwa nyumbani, akatumia kisu chake alichokuwa ametumia nyumba ya jirani. Damu haikukatika. Tulimpakia mtumbwini kumpeleka hospitali akafia njiani. Alikuwa anakohoa tu, mtoto wa watu. Wanangu, msimpeleke mtoto kwa mkata kimeo. Nawaomba.

#16 Kisiwa Kimoja
Shikamoo bibi. Pole sana.

#17 Mzee wa Magu
Pole bibi, Mungu amrehemu. Sikusema kila mkataji ni mzuri. Nasema tulipona.

#18 Nesi wa Sengerema
Shikamoo bibi. Mzee wangu, nikuombe uliangalie hivi. Kikohozi cha mafua kwa mtoto kinadumu wiki mbili, wakati mwingine tatu, kisha kinaisha chenyewe. Mzazi anachoka siku ya kumi, anamwita mkataji, wiki inayofuata kikohozi kimekwisha, sifa anachukua mkataji. Na kimeo kinaonekana kirefu na chekundu kwa sababu mtoto anakohoa, kimevimba kwa ajili hiyo. Tunaoletewa sisi ni wale waliotoka damu hadi wakapauka viganja, waliopata pepopunda, waliooza koo. Kisu kimoja kinachopita kwa watoto wengi kinaweza pia kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Nyie mliopona mpo kusimulia, mdogo wake bibi hayupo.

#19 Mzee wa Magu
Nimekusikia mwanangu. Ila kuna watoto niliowaona kwa macho yangu wakipata nafuu, na hilo huwezi kuniondolea.

#20 Duka la Dawa Nyegezi
Naomba nizungumzie dawa, maana amoksilini imetajwa. Niko nyuma ya kaunta kila siku, na wazazi wanaokuja na usaha wa sikio ni wengi. Kwa sikio sugu vidonge na sharubati vina nguvu ndogo. Wadudu wengi wa sikio la muda mrefu, mfano sudomonasi, amoksilini haiwagusi. Kinachofanya kazi vizuri ni matone yanayofika pale pale, ya siprofloksasini. Ila matone juu ya usaha ni kazi bure, yanaelea tu. Lazima ukaushe kwanza.
Kukausha: chukua kitambaa safi cha pamba, laini, kinachonyonya maji. Sokota ncha yake, iingize sikioni polepole, iache inyonye dakika moja hivi, toa, weka nyingine safi, mpaka kitoke kikavu. Angalau mara tatu kwa siku. Ukimaliza ndipo udondoshe matone, mtoto akiwa amelala ubavu, kisha ubonyeze kile kinyama cha mbele mara kadhaa ili dawa ishuke. Msitumie vile vijiti vyenye pamba, vinasukuma uchafu ndani na vinaweza kuitoboa hata ngoma nzima. Matibabu ni ya wiki mbili, na wengi wanaacha siku ya nne wakiona pamekauka.

#21 Mchimbaji Geita
Mimi nilipona kwa matone ya jentamisini, bei rahisi. Mwambie atafute hayo.

#22 Duka la Dawa Nyegezi
Mkuu nimefurahi umepona, lakini hapo tusimpeleke huko. Jentamisini iko kwenye kundi la dawa zinazoweza kudhuru sehemu ya ndani ya sikio, ile ya kusikia na ya kushika mwendo. Ngoma ikiwa na tundu, dawa ina njia ya kufika huko. Kwa mtoto ambaye tayari mwalimu analalamika hasikii, hatari ya nini wakati siprofloksasini ipo? Na kabla ya matone yoyote, mtu amulike sikio hilo. Mimi mwenyewe huwa nawarudisha wazazi wakamuone tabibu, wengine wananikasirikia.

#23 Fundi wa Igoma
Je ile dawa ya povu, haidrojeni peroksaidi? Shangazi yangu anasafishia.

#24 Duka la Dawa Nyegezi
Kwa kujiamulia nyumbani, hapana. Vivyo hivyo maji ya kitunguu, mafuta ya taa, maziwa ya mama na mkojo. Vyote nimeletewa masikio yaliyotiwa hivyo.

#25 Mama wa Buzuruga
Maziwa ya mama nayo? Huku mtaani ni dawa ya macho na masikio.

#26 Nesi wa Sengerema
Mtoto ayanyonye, ndiyo kazi yake. Anayenyonyeshwa vizuri miezi ya mwanzo hupata maambukizi ya masikio kwa uchache kuliko asiyenyonyeshwa. Na wa chupa asinyonyeshwe akiwa amelala chali, maziwa yanakimbilia nyuma ya pua.

#27 Mchoma Sangara
Swali kwa Baba Doto: kwenu mnapikia nini? Nauliza kwa sababu mimi nabanika samaki Kayenze, na wanangu wote wana mafua ya kudumu. Daktari wao aliniambia moshi unavimbisha njia za pua na huo mrija wa sikio.

#28 Baba Doto
Kuni. Na mama yao anabanika samaki nyuma ya nyumba, watoto wanakaa naye pale. Lakini Kulwa pia yuko kwenye moshi huo huo.

#29 Kisiwa Kimoja
Kwa mtindo huu wa kumuuliza Kulwa, kila chanzo kitaachiwa huru. Nilianzisha mimi, nadhani tukifikishe mwisho. Pacha mmoja anaweza kupata tundu na mwingine asipate, kisha maji, moshi na mafua yakamuumiza aliye na tundu pekee.

#30 Mwana wa Kirumba
Mkerewe ameanza kunikubalia maji yangu. Nitakutumia sato.

#31 Kisiwa Kimoja
Mtume akiwa mbichi, siyo aliyekwishazunguka mitaa yote ya Mwanza juani.

#32 Tabibu Kijana Bwiru
Habari zenu. Nimesoma uzi wote na kuna neno la kwanza kabisa halijajadiliwa: harufu. Usaha wa kawaida wa sikio la kati ni mwingi, wa kuvutika kama kamasi, na hauna harufu kali sana. Usaha mdogo unaonuka vibaya, usiokauka hata kwa matone sahihi, unatufanya tufikirie kolesteatoma. Hiyo ni ngozi iliyoingia mahali isipostahili, ndani ya sikio la kati, inajikusanya na kula mifupa polepole. Siyo saratani, lakini inaharibu kama haina haraka na haina huruma. Inakula vifupa vitatu vya kusikia, inaweza kufika kwenye mshipa wa fahamu wa uso mdomo ukapinda, inaweza kufika kwenye ubongo. Hakuna tone wala kidonge kinachoiondoa. Ni upasuaji.
Sisemi Doto anayo. Masikio mengi yenye harufu yana uchafu uliokaa tu. Lakini kuitofautisha kunahitaji mtu asafishe sikio na kulitazama vizuri, ikiwezekana kwa hadubini. Huwezi kuijua kwa kusimuliwa hapa.
Na mzazi yeyote akiona uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, homa kali, uso kupinda, kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika au shingo kukaza, asisubiri kesho.

#33 Nesi wa Sengerema
Nakazia #32. Niongeze jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema. Mtoto mwenye usaha wa sikio usioisha tunashauri apimwe virusi vya UKIMWI. Haimaanishi kwamba anavyo, wengi hawana. Lakini wenye navyo hupata sana tatizo hili, na wakigundulika mapema dawa zinawapa maisha marefu. Mzazi akishauriwa apime tu, asione ametukanwa.

#34 Mwalimu wa Chekechea Ilemela
Natoka kwenye upande wa darasani. Nimefundisha watoto walioitwa wakaidi nyumbani na shuleni hadi ilipojulikana hawasikii. Alama ninazoziona: anageuza sikio moja upande wangu, anaangalia wenzake kwanza ndipo afanye, anajibu swali ambalo sikuuliza, mvua ikipiga bati anapotea kabisa. Baba Doto, wakati mnatafuta tiba, omba mtoto akae mbele, sikio zima likiwa upande wa mwalimu. Hilo ni la bure na linaanza kesho. Na huyo mwalimu wenu mshukuruni sana.

#35 Baba Doto
Wabeja mwalimu. Hilo nimelifanya.

#36 Mchimbaji Geita
Nitoke kidogo kwa watoto. Mimi sikio limepona lakini siku hizi nasikia mluzi ndani ya kichwa, hasa usiku. Nimefanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe miaka mingi. Wengine wanasema ni kwinini nilizochomwa zamani nikiumwa malaria. Ipi ni ipi?

#37 Tabibu Kijana Bwiru
Zote mbili zinaweza kuleta mluzi. Wa kwinini kwa kawaida huisha dawa ikitoka mwilini, ndiyo maana wazee wanakumbuka masikio yakivuma wakiwa kwenye dripu. Karasha ni jambo jingine. Kelele ya kuanzia desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inaua chembe za kusikia, na hizo hazioti tena. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu wa hatua moja kutoka kwako akusikie, kelele imezidi. Tafuta vizibo vya masikio kwa yale masikio uliyobakiwa nayo, na upimwe usikivu.

#38 Mwana wa Kirumba
Na sisi wa injini za mitumbwi?

#39 Tabibu Kijana Bwiru
Nanyi pia. Anayeshika usukani amekaa juu ya injini safari nzima.

#40 Fundi wa Igoma
Nataka kuongeza upande wa chanjo, sijaona aliyeutaja. Watoto wa siku hizi wanachanjwa nimonia, ilianza nchini 2013, na surua pamoja na rubela 2014. Nesi alituambia kliniki kwamba zinasaidia na masikio. Ni kweli?

#41 Nesi wa Sengerema
Kweli. Mdudu wa nimonia ndiye pia mmoja wa wanaoleta maambukizi ya sikio na homa ya uti wa mgongo. Surua inaharibu masikio, na rubela ikimpata mjamzito mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Chanjo hazizuii kila sikio bovu, zinapunguza.

#42 Mama wa Buzuruga
Baba Doto mrejesho uko wapi? Tumekaa tunasubiri.

#43 Baba Doto
Samahani kwa ukimya. Tulianza kituo cha afya, wakatuandikia rufaa hospitali ya Sekou Toure. Daktari alisafisha sikio, akalimulika, akasema ngoma ina tundu katikati. Kwa alichokiona hakuna ile ngozi aliyoitaja Tabibu, lakini anataka likauke kabisa alitazame tena kabla ya kuapa. Tumepewa matone na kufundishwa kukausha kama #20 alivyoeleza. Eksirei imeonyesha nyama za puani zipo, zimeziba kiasi. Kipimo kile kingine alipima, tukapima wote nyumbani, tuko salama. Sasa tuna karatasi ya kwenda kliniki ya koo, pua na masikio Bugando kwa kipimo cha usikivu na ushauri wa upasuaji. Daktari mmoja anaona nyama zitolewe kwanza, mwenzake anaona tusubiri sikio likauke na tuone kukoroma kunaendaje. Nimebaki njia panda.

#44 Mama wa Buzuruga
Zitolewe. Nimesema tangu #11.

#45 Tabibu Kijana Bwiru
Mama, kwa binti yako ilikuwa sawa. Kwa Doto wenye picha na sikio mbele yao ndio wenye kauli. Swali moja mjiulize, kisha mwambieni daktari: usiku, mtoto anasimamisha pumzi kisha anashtuka? Ikiwa ndiyo, hoja ya kuzitoa inaongezeka nguvu. Mrekodini kwa simu akiwa amelala, muende na video. Inasaidia kuliko maelezo.

#46 Kisiwa Kimoja
Na tundu la ngoma linazibwa lini?

#47 Tabibu Kijana Bwiru
Hapo madaktari wenyewe hawakubaliani. Wanachukua utando kutoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ule unaofunika msuli juu ya sikio, wanaziba nao. Wapo wanaopenda kusubiri mtoto afike miaka saba, nane au zaidi, mafua ya utotoni yapungue, kwa sababu mafua yanaweza kuharibu kazi yote. Wapo wanaosema anapoteza miaka ya kujifunza, azibwe mapema. Sehemu wanayokubaliana wengi ni kwamba sikio likauke kwanza.

#48 Duka la Dawa Nyegezi
Na likikauka bado linabaki na tundu. Akioga, chukua pamba, ipake mafuta ya mgando nje, ziba mlango wa sikio. Ziwani asizamishe kichwa.

#49 Baba Doto
Hilo la kutozamisha kichwa ndilo gumu kuliko upasuaji. Ila mama yao ameanza kubanikia samaki mbali na nyumba.

#50 Mzee wa Magu
Bugando watakuangalia vizuri. Hospitali ya tangu mkoloni ile.

#51 Kisiwa Kimoja
Mzee wangu, ilifunguliwa 1971. Mkoloni alishaondoka miaka kumi nyuma.

#52 Mzee wa Magu
Sawa mwalimu wa historia. Mlima wa Bugando ulikuwepo.

#53 Dada wa Misungwi
Jamani naomba kuingilia. Mtoto wa kaka yangu, miaka sita, taya limevimba upande mmoja. Tumeambiwa mtaani ni jino, liking'olewa litashuka. Jino limeng'olewa na uvimbe umeongezeka ndani ya wiki. Hii inahusiana na masikio?

#54 Tabibu Kijana Bwiru
Dada, usisubiri jibu lingine hapa. Mpelekeni hospitali kubwa leo au kesho asubuhi. Taya linalokua haraka hivyo kwa mtoto, huku kwetu kwenye ukanda wa malaria, tunalifikiria saratani inayoitwa Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili. Inakua kwa kasi ya kutisha, inaweza kujirudufu ukubwa kwa siku chache. Lakini ni moja ya saratani za watoto zinazoitikia vizuri sana dawa, nyingi hupona zikiwahiwa. Huenda siyo hiyo, inaweza kuwa usaha wa jino. Watachukua kinyama wakapime, ndipo ijulikane. Msiruhusu ang'olewe jino jingine wala achanjwe kwa wembe.

#55 Dada wa Misungwi
Asante. Kaka anaandaa nauli, tunaondoka na basi la kwanza.

#56 Bibi wa Nansio
Mungu awatangulie. Tuambie mkifika.

#57 Mvuvi Mstaafu
Wakuu samahani, najua uzi ni wa masikio lakini koo ni jirani yake. Mke wangu amekwamwa na mwiba wa samaki tangu mchana. Amemeza matonge makubwa ya ugali, ndizi, maji. Bado unachoma kila akimeza, sehemu ile ile.

#58 Mwana wa Kirumba
Amletee tonge lingine kubwa zaidi bila kutafuna. Kwetu ndiyo dawa.

#59 Nesi wa Sengerema
#58 hapana, tafadhali. Mvuvi, aache ugali kabisa. Tonge linaweza kuusukuma mwiba uzame zaidi au utoboe njia ya chakula. Mwiba wa samaki mara nyingi hukwama juu, kwenye findo au shina la ulimi, na mwenye taa na koleo ndefu anautoa kwa dakika chache. Ukishuka chini, unahitaji kifaa cha kuingia kooni na dawa ya usingizi. Anatema mate kwa sababu hawezi kuyameza? Kifua kinauma? Shingo imevimba? Ikiwa lolote ni ndiyo, nenda sasa hivi usiku huu.

#60 Mvuvi Mstaafu
Mate anameza kwa shida. Shingo haijavimba.

#61 Nesi wa Sengerema
Mate kwa shida nayo ni sababu. Nendeni. Asile wala kunywa kitu njiani, pengine atahitaji dawa ya usingizi.

#62 Kisiwa Kimoja
Alikuwa samaki gani huyo?

#63 Mvuvi Mstaafu
Sato. Mimi nimevua sangara maisha yangu yote, mifupa yake unaiona kabla ya kuuma. Tumepanda bodaboda, nitaandika tukifika.

#64 Duka la Dawa Nyegezi
Bodaboda ziwe mbili, yeye akae peke yake nyuma ya dereva na asilazwe chali. Na mkifika mapokezi semeni wazi kwamba mate anameza kwa shida, msiseme mwiba tu, ili asiwekwe kwenye foleni ya kawaida.